Nyumba ya Wasemaji Wawili

Kitu cha kwanza nilichokiona tulipofika Kakiika, pembeni mwa Mbarara, ni mbuzi. Alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya lango la baba mkwe wangu, mbuzi jike mweusi mwenye doa shingoni, na kamba yake ilikuwa mpya. Mbuzi wa nyumbani hafungwi kamba mpya. Kamba mpya ni ya mbuzi anayekwenda mahali. Shemasi niliyekuja naye akamtazama mbuzi, kisha akanitazama mimi.

"Mzee," akasema polepole, "huyu ni wako."

Nilijua. Si yule yule niliyemtoa siku ya kuoa. Yule aliliwa zamani, na nyama yake hata mimi niliionja. Lakini mbuzi ni mbuzi. Mahari ikirudishwa ndoa imekufa, hata kama hakuna karatasi wala mchungaji aliyetamka neno. Kwetu Kivu ya Kusini ni hivyo, na kwa Warundi ni hivyo, na katika mambo machache ambayo Mkongomani na Mrundi hawabishani kule kambini Nakivale, hilo ni mojawapo. Baba mkwe alikuwa ameniambia kwa simu, "Njoo Jumamosi, uje na mtu. Ukishindwa kujieleza utarudi na mbuzi wako." Nilidhani ananitisha. Kumbe mbuzi alishanunuliwa.

Mtaniuliza, mzee wa miaka yako unaogopa mbuzi? Basi acheni nirudi nyuma kidogo, maana nikisema mbuzi tu hamtanielewa.

Nimeoa mara mbili. Mke wa kwanza nilimuoa kwetu, kabla ya vita, nikiwa kijana aliyeacha shule darasa la tatu kwa sababu mwalimu alitaka ninyamaze. Mimi nilizaliwa na maneno. Yule mama alikuwa mtu wa kimya. Wazee wetu walitufundisha hivyo, kwamba mwanamume mwenye kinywa atafute mwanamke mwenye masikio, maana wote wawili wakiwa na kinywa nani atasikia ugali ukiungua? Nikasema ndiyo, nikatafuta masikio, nikapata. Miaka ishirini na sita tuliishi naye, tukakimbia pamoja, tukafika Nakivale pamoja, tukajenga, tukalima mahindi, na sikumbuki kama tuligombana hata mara tatu. Nikisema, yeye anasikiliza. Nikimaliza, anasema "Njo vile," yaani ndivyo ilivyo, anaendelea na kazi yake. Watu walituonyesha kwa vidole kwa uzuri. Vijana wakitaka kuoa, kanisa liliwatuma kwangu niwaeleze siri ya ndoa. Na mimi niliwaeleza! Niliwaeleza saa mbili nzima, yeye amekaa pembeni na kikombe chake.

Akafa kwa ugonjwa wa tumbo. Siku ya tatu ya kilio chake, yaani matanga, nilikaa karibu na wanawake waliokuwa wanasonga ugali, nikasikia wanacheka. Si kicheko cha kuficha. Walikuwa wanajishika mbavu.

"Munacheka nani?" nikawauliza.

"Tunamucheka marehemu, Papa. Utusamehe. Vile alikuwa anaiga sauti za watu pale bombani!"

"Nani anaiga?"

"Ni Mama mwenyewe! Alikuwa anaiga mchungaji, anaiga polisi, anaiga yule kijana wa kugawa maharagwe. Hata wewe alikuwa anakuiga, Papa, usikasirike. Siku akikuiga wewe, batu walikuwa wanasahau madumu mpaka maji yanamwagika."

Miaka ishirini na sita, na mimi sikuwahi kusikia hata sauti moja. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa juu ya jiwe. Mke wangu hakuwa mtu wa kimya. Alikuwa kimya kwangu. Labda tulikuwa sawasawa, kinywa kwa kinywa, ila mimi nilikalia kiti cha msemaji peke yangu, na yeye akapeleka maneno yake bombani kama mtu anayekwenda kuchota maji kwa jirani. Kama aliridhika na ndoa ile, sijui. Mimi niliridhika. Nilipokuwa nawaeleza wale vijana siri ya ndoa, sikuwahi kugeuka kumuuliza yeye.

Ndiyo maana wa pili nilimtafuta yule ambaye kinywa chake kinaonekana mchana kweupe. Nilimkuta sokoni pale Nakivale anauza unga wa muhogo, anamwambia mteja, "Usishikeshike unga wangu kama unapima mutoto homa! Nunua ama uende!" Nikasimama. Nikamwuliza muhogo wake aliuloweka siku ngapi. Akasema tatu. Nikasema unga mzuri ni wa siku nne. Akaweka kopo chini. Tulibishana juu ya muhogo mpaka soko likafungwa, na nilipofika nyumbani ndipo nikaona kwamba unga wenyewe sikununua.

Shemasi, huyu huyu wa kwenda naye Kakiika, alinionya. "Batu babili ba kinywa, nani atasikiliza?"

"Tutapokezana," nikasema.

"He! Mutapokezana kama dumu la maji?"

Yule mwanamke hakuwa na ndugu hata mmoja upande huu wa mpaka. Na kuoa mwanamke asiye na mtu wa kumsemea ni kama kuokota kitu njiani. Basi kwetu kambini mtu asiye na baba anapewa baba. Mrundi mmoja, jirani yake, Mkatoliki, mwenye kuuza ndagala, wale dagaa wadogo wakavu, akasimama akasema, "Huyu ni binti yangu, anayemtaka aje kwangu." Mimi nilimzidi yule bwana miaka minane. Lakini tangu siku ile ni baba mkwe wangu, akiingia nasimama, na mbuzi wa mahari aliingia kwake. Msidhani ni mchezo wa watoto. Baba wa kupewa anaweza kuwa mkali kuliko wa kuzaa, kwa sababu yeye alichagua. Baadaye alihamia Mbarara, akapata nyumba ya kupanga Kakiika, biashara yake ikakua.

Miaka mitano na mke wangu wa pili ilikuwa kelele na furaha. Nikianza habari, yeye anaidaka katikati. Akianza yeye, namsahihisha. Majirani walikuja na viti vyao. Tulipogombana tuligombana kwa sauti, mpaka wapita njia wanasimama kuona nani atashinda, na kabla ugali haujaiva tumesahau. Sikupata amani kama ile ya mke wa kwanza. Lakini nilijua mtu gani yumo ndani ya nyumba yangu. Sisemi kwamba wanaofanana ndio wanaopatana. Kuna jirani zangu wawili, wote wakimya, ukipita kwao unasikia sufuria tu, na wamependana mpaka wanakera. Kuna wengine wawili, wote wabishi, walichomeana nguo. Nasema ya kwangu. Wasemaji wawili wana hatari moja ambayo msemaji na msikilizaji hawana: kila mmoja anajua thamani ya maneno ya mwenzake.

Mchana mmoja mvua ilikuwa inapiga bati, tumekaa tunachambua maharagwe, akaniambia neno lililompata njiani wakati wa kukimbia vita, kabla hajafika Uganda. Sitaliandika. Msiningoje mahali fulani mbele, sitaliandika huko pia. Mjue tu kwamba lilikuwa zito, na kwamba alilisema huku mikono yake inaendelea kuchambua, mawe huku, maharagwe huku, hakukosea hata punje. Alipomaliza akasema, "Hii si ya batu." Nikasema ndiyo. Akarudia, "Umesikia? Hata shemasi. Siku nitakapotaka itoke, nitaitoa miye." Nikasema ndiyo mara ya pili.

Nikakaa nalo miezi minne. Nataka niseme ukweli hapa, hata kama ni aibu. Lile neno lilikuwa zuri. Zito, lakini zuri, lina mwanzo wake na mwisho wake, na pale katikati kuna kitu kidogo, kitu cha mkononi tu, ambacho ukikitaja hakuna atakayebaki na macho makavu. Mimi nimesimulia tangu utotoni. Najua neno zuri kama fundi anavyojua mbao. Nilikuwa nikilima naligeuza kichwani. Nilikuwa nalipangia maneno. Nilijiambia silisemi, nalipanga tu.

Halafu jirani mmoja akafiwa na mtoto. Kilio kikawa kigumu sana. Baba wa mtoto hakulia, hakula, alikaa anatazama ardhi, na watu hawakujua wamfanyeje. Mtu akasema, "Mzee, tupe neno." Wote wakanigeukia. Na mimi, ambaye kutazamwa ni chakula changu, nikafungua kinywa.

Sikutaja jina. Nilisema "mama mmoja kule kwetu." Nilibadilisha njia, nilibadilisha msimu. Nilidhani nimeficha. Lakini kile kitu kidogo cha katikati sikukiacha, maana bila hicho neno halisimami. Nilipokitaja, yule baba akaanza kulia, na watu wakalia naye, na mimi nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi. Nikainua macho kuona kama na upande wa wanawake wanalia. Mke wangu alikuwa pale nyuma, amekuja na sufuria ya maharagwe ya kilio. Hakuwa analia. Aliweka sufuria chini taratibu, akafuta mikono kwenye kitenge, akaondoka.

Nilipofika nyumbani nilikuta pamefagiwa. Vyombo vimeoshwa, vimepangwa. Chekeche lake la unga halikuwepo.

Wiki tatu simu yake haikupokelewa. Mimi ninayeweza kumsimulia mtu habari ya mwiko uliovunjika mpaka akakosa gari, nilikosa mtu wa kumwambia hili, maana kulieleza kosa langu ni kulifanya tena. Watu wakaniuliza, "Mama amekwenda wapi?" Nikasema kumwona baba yake. Halafu ndipo simu ya baba mkwe ikaja, ile ya Jumamosi.

Sasa, desturi ya kumfuata mke aliyenuna inataka vitu viwili, mtu wa kukusemea na kinywaji cha kulainisha koo za wakwe. Mtu nilikuwa naye, shemasi. Kwenye kinywaji ndipo tulipokosea. Mrundi anataka bia. Usipomletea bia hujaja kuomba, umekuja kutembea. Lakini shemasi akasema hawezi kuonekana mtu wa kanisa amebeba kreti ya bia katikati ya kambi. Nikasema tutainunua Mbarara. Akasema Mungu yuko Mbarara pia. Basi tukanunua soda, kreti moja, tukapanda pikapu ya ndizi iliyokuwa inapitia Masha.

Dereva alikuwa Munyankole, mwenyeji wa pande hizi, akatucheka njia nzima kwa Kiswahili chake cha huku. "Mzee, wewe nakwenda harusi na soda?"

"Nakwenda kuchukua mke wangu."

"Alikimbia? Wewe napiga yeye?"

"Sikumpiga. Nilisema maneno."

"Maneno tu? Hiyo kidogo! Yeye tarudi leo leo."

Shemasi akakohoa. Mimi nikatazama ng'ombe wa watu wa Masha, pembe zao ndefu, nikatamani safari iwe ndefu zaidi.

Ndiyo hivyo tukafika, tukamkuta yule mbuzi.

Baba mkwe alitukaribisha ndani. Alikuwepo yeye, mke wake mama wa makamo, na jirani mmoja wa kanisani kwao aliyeitwa awe shahidi. Viti vilikuwa vimepangwa. Kwenye mlango wa chumba cha ndani palikuwa na pazia la maua, na nilijua yuko nyuma yake. Desturi yao ni hiyo: mwanamke anasikia kila kitu lakini haonekani na hasemi mpaka baba amwite. Niliona vidole vya miguu chini ya pazia. Nikavitambua.

Baba mkwe akatazama kreti. "Hii ni nini?"

"Soda, baba mkwe," nikasema.

"Kuna mtoto anabatizwa hapa?"

Jirani akacheka, mama mkwe hakucheka. Shemasi akaanza kueleza mambo ya wokovu, baba mkwe akainua mkono. "Bon, sawa. Weka pale. Tukae."

Akaeleza sheria yake. Akasema kwao mkosaji anatapika kosa lake kwa kinywa chake, lote, asibakize, mbele ya shahidi. Akilitapika, wanamwita mwanamke, yeye ndiye anachagua. Asipolitapika, hakuna cha kuchagua. "Na mbuzi umemwona," akasema.

"Nimemwona."

"Binti yangu amefika hapa wiki tatu. Mimi namjua. Huyu mtu akiungua kidole na sufuria, mtaa mzima unapata habari. Wiki tatu hajasema hata kuku wa jirani ameingia uani. Nimemwuliza, umepigwa? Hapana. Kuna mwanamke mwingine? Hapana. Hanielezi, anasema tu, 'Mwulize yeye.' Bon, mukwe wangu. Nakuuliza. Ulifanya nini?"

Wiki tatu hajasema. Nilikuwa nimeogopa atanitukana. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi yote, nilikuwa na majibu ya kila moja. Kimya sikukitayarishia kitu. Nilikwisha kuishi na kimya cha mwanamke miaka ishirini na sita nikadhani ni tabia yake. Nikaona ninavyoweza kufanya kitu kile kile mara mbili: nichukue mtu mwenye maneno, nimwachie kinywa kitupu.

"Nilisema neno lake mbele ya watu," nikajibu. "Neno aliloniambia nisiseme."

"Neno gani?"

Nikaweka mikono magotini.

"Mukwe. Neno gani?"

Sasa sikilizeni, nitawaambia kilichonipata, maana nilikuja kujieleza kwenye kiti kile na hapa pia najieleza. Aliposema "neno gani", kinywa changu kilijaa maji. Kweli kabisa. Watu wanne wananitazama, watatu hawajawahi kulisikia, nyumba imetulia. Sentensi ya kwanza ikanijia yenyewe, nzuri kuliko ile ya kwenye kilio. Nilijua hata mahali pa kupumzika. Nami nilikuwa na ruhusa! Baba mkwe mwenyewe ananiamuru. Nikisema, mbuzi anabaki langoni na mke wangu anaitwa. Nikinyamaza, kwisha.

Nikatazama pazia. Vidole vya miguu havikusogea.

"Siwezi," nikasema.

"Huwezi?"

"Siwezi kulisema, baba mkwe. Kosa langu ni kulisema."

Jirani akatikisa kichwa. "Huyu mzee ana kiburi."

"Hana kiburi," shemasi akasema haraka, akinifinya paja. "Sema tu, Mzee, tumalize. Ni dakika tano. Mungu anajua moyo wako."

"Siwezi."

"Basi nitasema mimi!" Shemasi akaweka Biblia kwenye kiti, akasogea mbele. Alikuwepo kwenye kilio, alilisikia, hakujua ni la nani mpaka siku ile. Alitaka kuniokoa, mtu mwema. "Baba, ilikuwa hivi. Kulikuwa mama mumoja kule kwetu, kwenye njia ya—"

Nilimshika mkono. Nadhani nilimshika kwa nguvu, kwa sababu aliruka na goti lake likagonga kreti na chupa mbili zikaanguka, moja ikapasuka, soda ikatambaa mpaka chini ya pazia.

"Nyamaza!" nikamwambia. Mbele ya watu, shemasi wa kanisa langu. "Usiseme hata neno moja zaidi. Nyamaza!"

Akasimama. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mimi nimetoka Nakivale kwa ajili yako," akasema. "Nimebeba kreti yako kichwani. Leo unaniambia miye nyamaza, wewe?" Akachukua Biblia yake akatoka nje. Na mtu asiye na wa kumsemea hana kikao. Kila mtu mle ndani alilijua hilo.

Baba mkwe naye akasimama, akaenda langoni. Alirudi na mbuzi, akamwingiza mpaka sebuleni, akaniwekea kamba mkononi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni, nadhani, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nilikupa nafasi, mukwe."

"Ulinipa, baba mkwe."

"Chukua, basi. Uende."

Nikashika kamba. Mbuzi akaanza kulamba soda sakafuni. Mimi nilisimama, nikatafuta neno la kuagia, kwa kuwa sijawahi kutoka nyumba ya mtu bila neno la kuagia, na sikulipata. Nikageuka.

"Papa, mwache mbuzi."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia, imekauka. Baba mkwe akageuka. "Sijakuita bado."

"Najua hujaniita. Mwache mbuzi." Pazia likafunguka. Alikuwa amekonda. Hakunitazama, alitazama sakafu, chupa, mbuzi anayelamba. Kisha akanitazama. "Soda," akasema. "Unakuja kwa Murundi kuomba bibi, unaleta soda!"

"Shemasi alikataa kubeba—"

"Kama vile wewe mwenyewe huna mikono!"

Mama mkwe akafunika mdomo kwa kitenge. Nikaona kicheko kinakuja na mimi nikaanza kukitafuta, nikaanza hata kupanga jibu. Mke wangu akaliona. Anajua uso wangu unapopanga.

"Usicheke," akasema. "Sijarudi. Nimesema mwache mbuzi, basi. Sikusema narudi."

"Ndiyo."

"Uliniibia."

"Ndiyo."

"Ningeisema miye. Siku moja ningeisema, na ningeisema vizuri kuliko wewe. Sasa nikiisema watasema, aa, hii ni ile ya Mzee."

Hilo lilikuwa kweli, na halina dawa, na sisi sote wawili tulijua, kwa sababu tunafanya kazi moja. Mke wa kwanza asingeniambia hivyo. Labda mke wa kwanza nilimwibia mara mia, akasema "Njo vile."

"Nenda nyumbani," akasema. "Nitakuja au sitakuja. Na huyo shemasi umwombe radhi, amebeba kreti kichwani bure."

Nilimwachia baba mkwe kamba ya mbuzi, nikatoka. Baba mkwe alinisindikiza mpaka barabarani, na tulipoagana akaniambia tu, "Siku nyingine lete bia, ukipata siku nyingine." Shemasi alikuwa ameshaondoka. Nilirudi Nakivale peke yangu, na shemasi, nilipomwomba radhi kesho yake kanisani, alinipa mkono lakini macho akapeleka kwenye dirisha. Mpaka leo ananisalimia kama mtu anayelipa kodi.

Mke wangu alikuja Jumatano ya wiki ya pili, mchana, na chekeche lake na gunia nusu la unga. Akaweka vitu mahali pake. Akapika. Tukala. Hakusema. Nikajiambia amechoka. Siku ya pili hakusema, isipokuwa "chumvi" na "funga mlango". Siku ya tatu majirani wawili walikuja na viti vyao, wakakaa, wakatutazama, wakaona giza la nyuso zetu, wakabeba viti vyao. Mimi nilikuwa na maneno mpaka kooni. Nilikuwa na habari ya dereva wa ndizi, habari ya jirani wa baba mkwe, kila kitu. Nikameza. Kila nilipotaka kuanza, niliona ninavyokwenda kujaza nyumba tena, na yeye atatafuta bomba la kupeleka maneno yake.

Siku ya nne tulikuwa uani, mimi namenya muhogo, yeye anachekecha. Akasema, bila kuniangalia, "Yule jirani wa Papa kule Kakiika, mwenye kusema uko na kiburi."

"Eeh?"

"Ana kuku. Kuku saba. Kila asubuhi wanaingia kwa Mama, wanakula ndagala za kuuza."

Nilijua habari za kuku. Nina habari ya kuku nzuri sana, ya jogoo wa chifu, ilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikakata muhogo.

"Halafu?" nikamwuliza.

"Halafu Mama akamwambia..." Akaendelea. Ilikuwa habari ndefu, na pale katikati aliipotosha, maana ndagala hawaanikwi hivyo, na mimi nilimwacha aipotoshe. Alicheka mara moja. Mimi nilisema "halafu" mara kumi au kumi na mbili, mpaka muhogo ukaisha, nikaanza kumenya maganda.

Hiyo ni miezi saba iliyopita. Mambo ya kuku ananiambia, na ya soko, na ya kanisa, na tunabishana tena, ingawa mimi huacha kabla sijashinda. Ya ndani, yale ya njiani, hajaniambia jingine. Yapo, naona siku nyingine anachambua maharagwe na mikono inasimama kidogo, anafungua kinywa, ananitazama, kisha mikono inaendelea.